Usimpimie mgonjwa kwa saa ya tamthilia

Wapenzi wa tamthilia ya Kimarekani Breaking Bad hawajamaliza ubishi wao kuhusu Hank Schrader, yule askari wa kupambana na dawa za kulevya. Anapigwa risasi kwenye maegesho ya magari kule Albuquerque, inasemekana huenda asitembee tena, kisha tunamwona kasimama, karudi ofisini na cheo kimepanda. Kuna wanaosema kupona haraka hivyo ni mambo ya steringi. Wengine wanajibu: mbona alikaa kitandani muda mrefu tu?

Nadhani kila upande unatazama saa yake. Sisi watazamaji tulimwona akianguka Mei 2010 na akipewa cheo Agosti 2012, miaka miwili na ushee. Ila ndani ya hadithi, mhusika mkuu Walter White anatimiza miaka 50 katika sehemu ya kwanza kabisa, na anapotimiza 51 ndipo shemeji yake anapata cheo hicho. Risasi, upasuaji, kitanda, fimbo, ofisi: vyote vimeingia humo, chini ya mwaka mmoja.

Ubishi huu mimi uliniingilia sebuleni. Mdogo wangu alivunjika paja kwa ajali ya bodaboda, akawekewa chuma, tukarudi naye nyumbani. Nikamshushia tamthilia nzima kwenye kompyuta ili asichoke na dari. Msimu wa nne aliumaliza kwa siku tatu. Asubuhi ya nne nikamkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka, unyayo wa mguu mbovu uko sakafuni. "Dada, Hank kapigwa risasi na anatembea. Mimi nimevunjika mfupa mmoja tu." Daktari alikuwa amemkataza kuukanyagia mguu ule mpaka picha ionyeshe mfupa umeshika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla mgonjwa hajaanza kujilinganisha na mtu wa kwenye kioo, muulize daktari muda wake yeye, kwa wiki, na uuandike. Mfupa wa paja kwa mtu mzima huchukua kama miezi mitatu hadi sita kuunga. Msuli nao hunywea haraka mno. Nilichukua futi ya cherehani nikampima mapaja yote mawili, tofauti ikanitisha. Mshipa wa fahamu wa mkononi au mguuni ukikatika huota taratibu, kama milimita moja kwa siku. Uti wa mgongo ni habari nyingine, kwa sababu uliokatika na uliotikiswa havifanani hata kidogo, na aliyetikiswa anaweza kweli kusimama ndani ya miezi.

Ndiyo maana siiti safari ya Hank uongo. Ni ya haraka, ya mtu mwenye bahati na mwenye pesa. Mazoezi yake ya kutembea tena bima haikuyatosheleza. Skyler, mke wa Walter, aliyalipia kwa fedha za mumewe, na hesabu ilifika dola 177,000. Sisi mtu wa mazoezi tulimpata mara mbili kwa wiki, na siku nyingine bajaji ilikosekana.

Lakini kuna jambo ambalo tamthilia ile imelipatia kuliko yote, nalo halibishaniwi vya kutosha. Hank anapiga hatua zake, anataniana na mkufunzi, anashangilia. Mkufunzi akishaondoka tu, mkewe Marie anabaki na mtu baridi asiyetaka hata kutazamwa. Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo. Mtu wa mazoezi alichekewa, mimi niligeuziwa uso ukutani. Wiki za mwanzo nililia jikoni nikidhani nimemkosea. Hukumkosea, wewe unayeuguza. Anakuonea aibu kwa sababu wewe ndiye unayemwaga mkojo wake. Mwache anyamaze, usimjibu kwa hasira, na tafuta mtu wa kukupokea. Mama mdogo alichukua Jumamosi zote, nikapata kulala.

Karatasi ya wiki niliibandika ukutani, mbele ya macho yake, akawa anaikata kwa kalamu nyekundu. Wiki ya kumi na nne picha ilionyesha mfupa umeshika. Alitoka kitandani hadi mlangoni kwa gongo moja, akaegemea fremu, akaniomba maji. Nilipomletea kiti alikikataa, akanywa glasi nzima amesimama.