Kabla hujabandika mbao kwenye kioo cha kujiangalia cha dushi, NUSA hiyo gundi ya silikoni

Ee ndugu weka hiyo tibu ya silikoni chini kwanza. Umeuliza mbao gani ya kuzungushia kioo cha dushi, rangi gani, pembe zinakatwaje, halafu katikati umetupia tu "silikoni nishanunua, ile ya bei nafuu". Hapo njo moyo umeniruka. Fungua, kamua kidogo kwenye kidole, nusa. Ikinuka siki, ile vinegri ya saladi, isiguse kioo hata tone.

Mie kioo changu kilikuwa cha dola 80, nimekitoa Kampala kwa basi nimekipakata safari nzima. Nikaingia duka moja la vifaa huku Goma, mtaa wa Birere, namuuliza mwenye duka silikoni ya kioo ni ipi, ananijibu huku anacheka, "papa, silikoni zote ni moja, tofauti ni rangi tu". Zote ni moja! Mtu anauza gundi tangu mie niko primeri na hajawahi kusoma tibu hata moja. Pembeni imeandikwa acétique, herufi ndogo za kutafuta na tochi. Hiyo ikiwa inakauka inatoa asidi ya siki, na nyuma ya kioo kuna safu nyembamba sana ya fedha, njo inafanya ujione, imefunikwa na rangi ya kuilinda, lakini ukingoni pale kioo kilipokatwa rangi inaishia, fedha iko uchi, asidi inapenya hapo hapo. Mie nikapaka kwenye mbao, nikakandamiza, silikoni ikafurika ikashuka ukingoni mpaka nyuma, nikafuta ya mbele nikajiona fundi. Kikapendeza balaa, mama watoto akakiweka statusi. Kisha nukta nyeusi chini kushoto, nasugua na gazeti, kumbe uchafu uko nyuma, nasugua nini, ukatambaa, leo umechora Ziwa Kivu na kisiwa chake cha Idjwi. Wageni nawaambia ni antike ya babu. Wanaamini, juu ya mvi zangu.

Na weusi huo haufutiki, unanunua kingine. Nikarudi kwa yule jamaa, ananiambia eti ni mvuke wa dushi. Mvuke unaharibu vioo, sikatai, lakini weusi umefuata mstari wa silikoni vilevile nilivyoikamua, mvuke una rula?

Tafuta yenye imeandikwa neutre, hiyo haitoi asidi ya siki. Bei iko juu kidogo, lipa tu. Na ile gundi ya viatu yenye kunuka petroli usijaribu, nayo inaweza kula mgongo wa kioo. Au acha gundi kabisa, fremu ishikwe na visi (skrubu) ukutani, maana kioo cha unene wa milimita 4 chenye mita moja kwa mita moja kina kilo 10, na vile tulitetemeka Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mie kilo hizo sitaki zining'inie juu ya lavabo, sinki ya kunawia, kwa gundi peke yake.

Mbao ni yoyote mradi imekauka, eukaliptusi mbichi itajipinda ikufungue pembe zote. Rangi chagua mwenyewe, ila paka mpaka ule upande wa ndani unaolalia kioo, usipopaka kioo kitaonyesha mbao nyeupe kila ukisimama pembeni. Pembe ni digrii 45, mpelekee seremala akukatie. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine sijui misumari, nimesahau. Kwanza tuambie, kwenye tibu yako imeandikwa nini?