Sisi tumewaka, mishumaa imezimika

Maneno hayo niliambiwa na mwenyekiti wa kwaya moja hapa Mbeya, amesimama mlangoni mwa fremu yangu Mwanjelwa, anaitazama kwenye simu kava niliyomtumia usiku. Picha ilikuwa ya mkesha wa Pasaka: waimbaji 14, kila mmoja na mshumaa wake. Mimi nikapita njia ya mkato. Niliwakata watu, nikawapachika ule mng'ao wa tayari wa Photoshop, programu ya kuhariri picha, unaokizunguka kitu kama uzi wa dhahabu. "Mdogo wangu," akasema, "mbona sisi wote tumewaka, halafu mishumaa imezimika?"

Sikuwa na la kujibu. Programu haijui kipi kwenye picha kinatoa mwanga. Inachojua ni kingo za leya, yaani matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine. Ukiipa mtu, itamng'arisha mtu.

Siku hizi nafanya kwa mkono, kwenye GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, maana ni ya bure na laptop yangu ya zamani inaimudu. Kwanza naipunguza picha nzima mwanga. Palipo peupe tayari huwezi kuongeza weupe, ndiyo maana picha ya saa saba mchana haishiki mng'ao hata ufanyeje. Kisha nachukua laso, kifaa cha kuchora mstari wa kuteua sehemu ya picha, na kuzungushia mwali, mwali peke yake, mshumaa nauacha. Nalainisha kingo kidogo, nanakili, nabandika kwenye leya mpya, na leya hiyo naiweka modi ya Skrini, yaani namna yake ya kuchanganyika na picha iliyo chini. Kwenye modi hiyo, rangi nyeusi haiongezi chochote, na rangi yenye mwanga inaongeza tu, haitii giza. Baada ya hapo naiwekea ukungu wa Gauss, kichujio kinachotawanya na kulainisha picha.

Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima. Naongeza ukungu, mng'ao unagoma kutoka, umekatika kwenye mstari kama keki iliyopitishwa kisu. Nikadhani kompyuta imechoka. Kumbe uteuzi wangu wa laso ulikuwa bado unawaka, na ukungu hufanya kazi ndani ya uteuzi tu. Nikauondoa kwa Ctrl+Shift+A (kwenye Photoshop ni Ctrl+D), bado ukakatika, safari hii kwa umbo la mraba. Leya iliyobandikwa ilikuwa na ukubwa wa mwali wenyewe. Ilibidi niitanue ilingane na picha nzima ndipo mwanga ukapata pa kumwagikia.

Mng'ao mmoja hautoshi. Natengeneza leya mbili: ya karibu yenye ukungu wa pikseli 10 hivi, karibu nyeupe, na ya mbali ya pikseli 80, ya chungwa, niliyoififisha hadi nusu. Hivyo ni kwa picha yenye upana wa pikseli 4000. Ikiwa 2000, gawa kwa mbili. Ukizipaka zote chungwa moja, utadhani mtu kamwaga soda.

Upana wenyewe unategemea hewa. Ukipita Isongole kwenda Tukuyu siku ya ukungu, taa ya lori inakuja na duara kubwa kuliko lori. Usiku mkavu wa Julai mjini, taa ileile ni nukta. Basi kama picha yako haina ukungu wala moshi, usitandaze.

Kilichobaki sikukisoma popote. Umeme ulikatika, nikawasha mshumaa, nikaushika kama wanakwaya wanavyoushika. Vidole vilikuwa vyekundu pembeni, kama vina taa ndani. Chini ya kidevu palikuwa na mwanga, juu ya nyusi giza. Kola ya sweta iliwaka upande mmoja. Nikarudi kwenye picha, nikafungua leya nyeusi ya Skrini, nikachukua brashi laini ya chungwa yenye nguvu ndogo sana, nikapita hapo tu: vidole, kidevu, ukingo wa kitabu cha nyimbo. Watu 14, karibu saa mbili. Bila hiyo, mwali unakaa kama stika.

Mwenyekiti alipoletewa ya pili aliikuza kwa vidole viwili, akaenda mwali mmoja baada ya mwingine, akafika kwake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama naweza pia kumpunguzia kitambi.