Barua ya kazi kwa Kiingereza: pale mwisho unaandikaje?

Naona watu mko bize na maombi ya kazi, maswali karibu yote ni ya barua, haya twende nayo.

Nimeanza na "Dear Sir/Madam", kaka anasema nimalizie "Yours faithfully", rafiki yangu anasema "Yours sincerely" ndo yenye heshima zaidi. Nani yuko sahihi?

Kaka yako. Ishu hapa sio heshima, angalia huko juu umemsalimia vipi. Kama hukutaja jina, chini inakaa "Yours faithfully", ukitaja jina, tuseme "Dear Mr Mushi" au "Dear Ms Achieng", unamalizia "Yours sincerely", na jina lenyewe liwe la ukoo, sio "Dear Mr John" wakati John ndo jina lake la kwanza. Huo ni utaratibu wa Waingereza ambao ndo tumefundishwa shule huku kwetu. Afu jamani "faithfully" ina L mbili, herufi kubwa inakaa kwenye Y peke yake, na "Your's" yenye kialama juu haipo kabisa, hata uione kwa mtu mwenye digrii mbili.

Naomba kazi kampuni ya Marekani, ni hivohivo?

Hapana. Wamarekani hiyo "faithfully" hawana mazoea nayo, we andika "Sincerely" inatosha, jina uwe unalijua au hulijui. Na baada ya salamu wao kwenye barua rasmi wanaweka nukta mbili, Waingereza koma.

Barua zetu zote zinaanza "Refer to the heading above". Ni sawa?

Hii bwana! Hiyo ni "Husika na kichwa cha habari hapo juu" imevalishwa suti. Msomaji Mzungu anabaki anashangaa, kwanza unamwamrisha akaangalie kichwa cha barua ambacho ametoka kukisoma sasa hivi, pili hujamwambia kitu. Nimeona na "The heading above is concerned", hiyo ndo mbaya zaidi coz haina maana yoyote. Ifute, ingia moja kwa moja: "I am writing to apply for the post of Accounts Assistant, advertised on your website on 3 March." Hapo kwenye mstari mmoja kashajua unataka nini, nafasi gani na umeiona wapi, kichwa cha barua kiache kikae chenyewe kwa herufi nzito.

Ni "I look forward to hear from you" au "hearing"?

"Hearing". Najua inauma sikio coz tumezoea "to go", "to eat", lakini "to" ya hapa ni ya aina nyingine, inafuatwa na jina la kitu. Jaribu kuweka "I look forward to your reply", si inakaa vizuri? Basi kitendo kikija hapo lazima kivae "-ing". Kama bado unasitasita tumia hiyo ya "your reply", hakuna atakayekuuliza.

Sahihi inakaa juu ya jina au chini?

Juu. "Yours faithfully", koma, ruka mistari mitatu minne usaini hapo, afu jina lako kamili la kuchapa.