Usibadili tairi za gari la rimoti kabla hujahesabu meno ya pinioni, gia ndogo ya mota

Usilipie hayo matairi. Kama umeshatuma hela, mpigie muuzaji sasa hivi umwambie umeghairi, halafu ndiyo urudi kusoma.

Mtoa mada una gari la rimoti aina ya Slash ya Traxxas, ya 2WD (inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma), yenye mota ya brashi, ile Titan. Umepata ofa Kariakoo ya matairi yenye kipenyo cha milimita 140 pamoja na rimu zake, shokapu za alumini na mikono ya alumini, ile inayoshika magurudumu. Unauliza kama gari litatulia kwenye mchanga wa ufukwe wa Coco, utie mafuta gani kwenye shokapu, na bodi uipige rangi gani. Waliotangulia hapo juu wamekujibu "chukua mkuu, unafunga tu unaondoka." Hao ndio walioniamsha kuja kuandika, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na aliyeniambia alikuwa ndiye ananiuzia.

Unafunga tu unaondoka! Ni kweli heksi ya nyuma ya milimita 12 (kile kitovu cha pembe sita kinachoshika rimu) inaingia bila ubishi, nati inakaza, gari linanyanyuka na linapendeza. Nilipiga picha nikaweka status. Yaliyofuata sikuyaweka.

Sasa sikiliza. Tairi la kiwandani la Slash lina kipenyo cha karibu milimita 110. Ukifunga la 140 umeongeza asilimia 27 hivi. Mota haina habari kwamba umebadili tairi. Inachokiona ni kwamba kila mzunguko wa gurudumu inatakiwa isukume gari mbali zaidi kwa asilimia hizohizo 27, na tairi lenyewe ni zito, tena uzito umekaa pembeni kabisa, mbali na ekseli. Kulianzisha ni kazi, kulisimamisha ni kazi. Yaani umelipatia gari gia ndefu bila kugusa gia. Halafu hapohapo unalipeleka kwenye mchanga mkavu, mahali ambapo hata tairi la kawaida linaitoa mota jasho. Mota inavuta umeme mwingi, gari haliendi, na umeme ule lazima utokee mahali. Unatoka kama joto.

Langu lilianza vizuri. Jumapili jioni, Coco imejaa, watoto wananifuata, hadi muuza mihogo kasimama kuangalia. Baada ya muda likazima. Nikajua betri. Kumbe ESC ya gari hili (kile kifaa kinachopimia mota umeme) ina ulinzi wa joto, ikizidiwa inakata yenyewe. Nikasubiri, likawaka, nikaendelea. Likazima tena, nikasubiri tena. Gari linaniambia naungua, mimi naliambia vumilia kidogo, watoto wanaangalia.

Hapo akaingia mtaalamu wa pili. Simtaji, ila kwenye magrupu ya WhatsApp ya haya magari hakosekani, na hakuna swali analokosa jibu. Nikamweleza kuwa gari likianza kuondoka linalia kama kuna kitu kinateleza ndani. Akasema kaza nati ya slipa. Kwa asiyeijua, slipa ni klachi ndogo iliyokaa kwenye ile gia kubwa ya plastiki. Imewekwa iteleze makusudi mzigo unapozidi, ili meno yasing'oke. Ni fyuzi ile. Kwa hiyo bwana yule aliniambia fyuzi inakatika, weka msumari, na mimi mtu mzima, mwenye familia na kitambulisho cha taifa, nikaweka msumari.

Nilikaza mpaka mwisho. Gari likaondoka kwa kishindo, pua juu, nikamrushia mtaalamu emoji za makofi. Kisha likaruka kutoka mchangani likatua kwenye sehemu ngumu kule juu karibu na barabara, kidole changu bado kimebana rimoti. Tairi zikashika ghafla. Krrrr. Kufungua, gia kubwa imenyolewa upande mmoja. Nikaripoti kwa mtaalamu. Akajibu kwamba hiyo gia ilikuwa mbovu tangu mwanzo, nunua nyingine, kaza vilevile. Nikanunua, nikakaza vilevile (msinicheke, nimeshajicheka vya kutosha). Safari hii gia ikastahimili, mzigo ukatafuta pa kutokea ndani zaidi, ukaivunja difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Na mota kwa mateso yale ikaanza kutoa harufu ya vanishi ya waya inayoungua. Nilipoifungua, brashi zimeliwa na komuteta (ile shaba inayozunguka ambayo brashi zinaigusa) imekuwa nyeusi ti.

Piga hesabu mwenyewe: matairi, gia, difu, mota, na kila kimoja nimekisubiri kwenye mzigo wa ajenti, leo anakuambia kontena liko Dubai, kesho liko bandarini, keshokutwa hapokei simu. Hela yote ile mke wangu aliijumlisha kwenye karatasi. Nimekataa kuiangalia hiyo karatasi hadi leo. Muuzaji nilimrudia dukani. Unajua alinijibu nini? "Wewe unaliendesha vibaya, haya matairi ni ya kwenda taratibu." Kama nataka kwenda taratibu si ningekaa zangu kwenye foleni ya Mbagala bure?

Alichotakiwa kuniambia ni hiki tu: tairi likikua, pinioni inapungua. Meza ileile, siku ileile, kabla betri haijachomekwa. Pinioni ni kile kigia kidogo cha chuma kwenye shafti ya mota. Chukua kipenyo cha tairi la zamani, gawanya kwa kipenyo cha tairi jipya, zidisha kwa meno ya pinioni uliyonayo. Tuseme una meno 19: 110 kwa 140 mara 19, unapata 14.9, kwa hiyo unatafuta ya meno 15. Hakikisha ni 48P (hicho ni kipimo cha ukubwa wa meno, lazima kifanane na gia kubwa) na tundu lake ni milimita 3.17, usije ukauziwa ya mota kubwa yenye tundu la milimita 5. Bei yake haifikii hata ya tairi moja. Ukiifunga, chomeka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, zibane, kaza skrubu za mota, kisha itoe karatasi. Ndiyo nafasi inayotakiwa. Slipa irudishe kama kitabu cha gari kinavyosema, na atakayekwambia uikaze mtumie uzi huu.

Halafu endesha dakika chache, simama, gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole juu yake, iache ipoe na upunguze jino jingine. Mimi sasa nina kipimajoto cha kuelekeza na ikipita nyuzi 80 nafunga mkutano. Vile vya paji la uso vya enzi za korona havifai, vimetengenezwa kwa homa za binadamu.

Kama shida yako ni mchanga tu, kwa nini usitafute tairi za kipenyo kilekile zenye kashata ndefu, yale meno ya tairi? Ukienda huko, angalia rimu. Za mbele na za nyuma za Slash ya 2WD hazina kina kimoja, usichukue nne zinazofanana.

Mikono ya alumini achana nayo. Ya plastiki inapinda na kurudi. Ya alumini inapinda na kubaki hivyo, au inapeleka kipigo kwenye chasisi. Shokapu tia mafuta ya silikoni peke yake. Kuna fundi atakuambia ya shokapu ya bodaboda ni yaleyale. Si yaleyale, mafuta ya petroli yanavimbisha oringi za silikoni na utavujiwa.

Ulichouliza kingine nimeshasahau, waje wengine. Wewe fungua kifuniko cha gia leo, soma namba iliyochongwa ubavuni mwa pinioni, kama haipo hesabu meno kwa mkono, uiandike hapa na kipenyo halisi cha hayo matairi, ukipime kwa rula na siyo kwa mdomo wa muuzaji. Nitakupigia hesabu mwenyewe.