Meno mawili yaliyobaki Lukaya

Morogoro
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na ile picha ya wajina wangu akiwa na kofia yangu ya jeshi iliyomshuka mpaka puani imemfanya mama yako acheke hadi akatafuta pa kukaa. Huku hatujambo. Goti ni lile lile, halina jipya.

Swali lako nimelikalia siku tatu. Unasema mtoto alikuuliza, "Babu aliwapiga maadui wangapi kwa judo?", ukakosa la kumjibu, ndipo ukanigeuzia mimi: judo ilinisaidia nini vitani, na kama haikunisaidia, kwa nini mzee wa miaka 68 anaendelea kurushwa chini ilhali daktari amemkataza. Hilo la pili najua si lako. Ni la mama yako. Kwangu liligonga mwamba, akalipitishia kwako.

Mwambie mtoto hakuna hata mmoja. Vitani sikuijua judo hata kwa jina. Ninyi mlikua mkiona gwanda limetundikwa upande huu wa ukuta na mkanda mweusi upande ule, mkadhani vyote vimetoka duka moja. Niliingia jeshini 1976, tukavuka mpaka kuingia Uganda Januari 1979, na judo nikakutana nayo 1981, vita imekwisha, tumerudi nyumbani.

Na vita yenyewe haikuwa ya kushikana kola. Ilikuwa ya kutembea. Mutukula hadi Masaka, Masaka hadi Kampala, kwa miguu, mzigo mgongoni, na tangu Machi mvua ya masika juu ya mzigo. Anayekupiga humwoni, na unayempiga humwoni. Mzinga hauna masikio, mama. Ukishatoka umetoka, na aliye kule unakokwenda hana namna ya kukwambia basi, nimeshindwa, acha.

Lipo tukio moja tu la kushikana, na hilo sijapata kukusimulia. Usiku wa Machi 10, 1979 tulikuwa Lukaya, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Kampala, penye kinamasi kikubwa na mafunjo. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walituvurumishia roketi. Nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu, lakini ule mlio, tena gizani, ulitutawanya kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Wengi tulikuwa vijana wa juzi. Nikajikuta ndani ya maji hadi kiunoni, sijui mashariki wala magharibi. Mara mkono ukanishika kola kwa nyuma, ukavuta. Sikugeuka kuuliza jina. Nilizungusha kitako cha bunduki kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa. Yule mtu hakuniachia. Akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, mdomo umejaa damu, "Mwenzangu, nazama."

Alikuwa wetu. Miguu ilikuwa imeshikwa na matope. Nilimvuta, sijui kwa muda gani, mpaka tukapata ardhi ngumu, na alfajiri ilipoingia tukaonana nyuso. Meno yake mawili ya mbele yalibaki Lukaya. Unamfahamu. Ni Baba Mdogo, yule mliyekuwa mkimwuliza pengo lake limetoka wapi, naye akiwaambia alivunjika na muwa wa Kilombero. Jana nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kukuandikia haya. Akasema andika, ila usisahau kuandika pia kwamba bado hujanilipa.

Niliporudi 1981 nilikuwa mtu mgumu wa kuishi naye. Mama yako hakuwahi kuwalalamikia ninyi, lakini unaikumbuka sheria ya nyumba: baba haamshwi kwa kuguswa. Unasimama mlangoni, unaita, na mpaka uone amefumbua macho ndipo unaingia. Mlidhani ni adabu. Ilikuwa ni usalama wenu. Kwenye basi nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Kinyozi nilimwacha, nikawa najinyoa mwenyewe, vibaya.

Kambini palikuwa na sajenti mmoja aliyejifunza judo alipokuwa kozini nje ya nchi. Ukumbi hakuwa nao. Alichimba shimo la futi moja pembeni mwa uwanja, akalijaza maranda kutoka karakana ya maseremala, akatandaza turubai la lori juu yake na kulikaza kwa vigingi pande zote. Huo ndio mkeka. Mvua ikinyesha maranda yanavimba, jua likiwaka turubai linakuchuna viwiko. Mavazi tulishonewa na fundi wa mtaani kwa kitambaa cha marekani, kola ameikunja mara nne. Langu la kwanza lilichanika kwapani siku ile ile niliyolivaa.

Wiki mbili za mwanzo hatukushika mtu. Tulianguka tu. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, maana ukitazama fundo kisogo hakiwezi kugonga chini. Mgongo unapokaribia kufika, mkono mzima unapiga turubai kwa mara moja, kiganja mpaka bega, usiwe mbali sana na ubavu. Wajapani wanaita ukemi. Sajenti aliita kulipa ushuru: ukilipa kwa mkono, mgongo haudaiwi. Tulilipa ushuru huo mara mia kwa jioni, na usiku nililala nimegeuzia ukuta mkono usiouma.

Siku ya kwanza ya kushikana, niliyepangiwa alinitia mkono kwenye kola, kama inavyotakiwa. Nikampiga ngumi ya uso. Unaweza kukisia alikuwa nani. Alijipangusa, akasema, "Mara hii hakuna jino la kutoka." Sajenti hakunifokea. Aliniambia nilale chali. Akanielekeza: ukishindwa, piga mkeka mara mbili, au mpige yeye mara mbili, popote mkono utakapofika. Kisha akamwambia Baba Mdogo, "Mkabe."

Kukabwa na mtu anayejua hakuumi kama watu wanavyodhani. Anapitisha mikono kwa ndani ya kola zako, mmoja huku mwingine kule, anavuta kama anayefunga mdomo wa gunia. Pumzi unaona bado ipo, lakini masikio yanajaa mvumo wa maji na pembe za macho zinaingia giza. Masikio yalipojaa maji, mimi nilikuwa nimesharudi kwenye mafunjo. Nikapiga turubai mara mbili.

Akaniachia.

Papo hapo, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nikakaa, nikamtazama. Nikamwambia rudia. Akarudia, nikapiga, akaachia. Nadhani tulifanya hivyo mara kumi, wenzetu wamesimama kwenye mstari wanangoja zamu yao, na sajenti hakutuambia tuondoke. Mtu niliyemvunja meno alikuwa na shingo yangu mikononi, na kilichomzuia ni viganja vyangu tu kugonga kitambaa.

Basi ndiyo hiyo, mama. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Usiku ule sikupona, usije ukamwambia mtoto babu alipona. Kuamshwa kwa kuguswa niliweza miaka kama kumi baadaye. Lakini kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye turubai, na mpaka leo.

Baadaye nilisoma habari za aliyeianzisha, Kano Jigoro, mwalimu, mtu mdogo wa mwili. Alianza Tokyo mwaka 1882, kwenye hekalu la Eishoji, na wanafunzi 9 na mikeka 12. Alichukua mapigano ya zamani ya mikono mitupu ya samurai, akayachambua: yale ya kuvunja na kuua akayatoa kwenye mazoezi ya kushindana, akabakiza yale ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa nguvu zake zote na mwenzake akaamka, akajikung'uta, wakainamiana. Watu husema kwa hiyo judo si vita ya kweli. Ni kweli si vita. Mimi nimeiona ya kweli, na sijaona alichopoteza Kano kwa kuiacha nje.

Wala usidhani ni baba yako peke yake mwenye wazimu huu. Jenerali Curtis LeMay, ambaye ndege zake ziliichoma Tokyo Machi 1945, ndiye huyo huyo ambaye miaka ya 1950 aliwapeleka askari wake wa anga Kodokan, ukumbi mkuu wa judo katika mji ule ule, wafundishwe na Wajapani. Nikifikiria wale vijana wakiinama mbele ya mzee ambaye pengine nyumba yake iliungua, nashindwa kuendelea. Nani aliinama zaidi? Na yuko Ben Nighthorse Campbell, wa kabila la Wacheyenne, aliyekuwa askari wa anga huko Korea, akaenda Tokyo kuisomea judo kwa miaka, akaichezea Marekani kwenye Olimpiki ya 1964, mara ya kwanza judo kuwemo, na mwishowe akawa seneta.

Wajina wangu mwonyeshe video ya Mohamed Rashwan, Mmisri, fainali ya Olimpiki ya 1984 kule Los Angeles dhidi ya Mjapani Yamashita. Sisi huku bara wakati ule hatukuwa na televisheni, mimi nimeiona juzi juzi tu kwenye simu. Yamashita alikuwa ameumia mguu wa kulia kwenye pambano la awali, anachechemea kila mtu anaona. Rashwan alishindwa, akachukua medali ya fedha, na baadaye akapewa tuzo ya uungwana michezoni kwa kuwa alisema hakutaka kuutumia ule mguu. Wapo wanaobisha, wanairudisha video nyuma na kusema mbona hapa aliuelekea. Nimeitazama mara nyingi. Mimi naona mtu aliyekuwa na sekunde chache za kuamua mbele ya dunia nzima, na sitamhukumu kutoka kwenye kochi.

Kuna moja limeniudhi, na kwa kuwa umeniuliza judo utalisikia. Kuanzia 2010 wakubwa wa judo duniani walianza kukataza kushika miguu kwa mikono, na 2013 wakafunga mlango kabisa. Kata guruma yangu ya kumchota mtu paja na kumbeba mabegani kama gunia la mkaa, niliyoijenga miaka thelathini, ikawa kosa. Wanasema ni ili watu wasimame wima, mchezo upendeze kutazama. Sawa. Jioni watoto wakishaondoka, mimi na Baba Mdogo tunashikana miguu.

Kuhusu daktari. Daktari hakunikataza judo. Alisema niache kurushwa. Mama yako ameunganisha mambo mawili yaliyokuwa yametenganishwa na mtaalamu. Kwa hiyo sirushwi, isipokuwa nikisahau. Nafundisha watoto kuanguka, kwenye darasa la shule tunaloazimwa, mara tatu kwa wiki. Mikeka yetu ni ya mpira, ya kuunganisha kama fumbo, imelika pembeni. Tatami ya kweli, mkeka wenyewe wa Kijapani, niliikanyaga mara ya kwanza Unguja, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuwa akiwafundisha vijana judo miaka nenda rudi. Nilivua viatu mlangoni nikasimama tu, nikiibonyeza kwa vidole vya miguu. Kumbe ndivyo ilivyo, nikasema, na sisi tulipiga maranda. Lakini nchi hii hii imempeleka Andrew Thomas Mlugu Olimpiki ya Rio 2016, na tena Paris 2024, uzani wa kilo 73. Watoto wangu wanajua jina lake kuliko la mbunge wao.

Ukija Desemba, njoo naye. Mkate kucha, za miguu pia. Suruali iwe ya kamba au ya mpira, isiwe na zipu wala kifungo cha chuma. Wiki ya kwanza hatashika mtu, na ataudhika, mwache audhike. Tunaanza saa kumi na moja jioni. Baba Mdogo ndiye anayehesabu, ameketi kwenye benchi na fimbo yake. Mtoto akimwuliza habari ya pengo, usimkanye. Mwache mzee ajibu mwenyewe atakavyo.

Mama yako anakusalimu, anasema umletee dagaa wa Mwanza, wale wadogo.

Baba yako