"Litakuwa limeshafika" au "linatakiwa liwe limefika"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, bosi wetu Mwingereza na mimi ndo namtafsiria kwa madereva. Juzi kaandika "the truck should be in Morogoro by now", mi nikamtumia dereva meseji "lori linatakiwa liwe Morogoro sasa hivi". Kumbe jamaa bado yuko Mlandizi kwenye foleni, akanijibu kwa hasira "dada mnataka nipae?" Bosi nae anasema hajamfokea mtu. Nani kakosea hapo?

Jibu: Marahaba dada angu. Bosi hajakosea, dereva nae ana haki ya kununa, pamevuja hapo katikati tu, na usijisikie vibaya maana hilo "should" limeshawavuruga watu wengi kuliko wewe.

Shuleni tulifundishwa "should" ni kupaswa, kutakiwa. Sawa, ni kweli, ila ni nusu tu ya ukweli. Mwingereza akilipachika na maneno ya muda kama "by now" mara nyingi hatoi amri, anapiga hesabu: lori limetoka Dar alfajiri, Moro ni kama kilomita 190 na kidogo, saizi ni saa sita mchana, basi litakuwa limeshafika. Anakisia tu huku anaangalia saa. Sasa sisi kukisia hatukisii kwa "kutakiwa" hata siku moja. Neno "unatakiwa" kwa mtu wa Dar linanuka amri, mwambie mtu "unatakiwa ofisini" uone kama moyo haujamlipuka kabla hata hajauliza anatakiwa na nani.

Sisi tunakisia kwa kitenzi chenyewe: "saa hizi litakuwa limeshafika Moro". Mtu anaweza akashangaa, mbona hiyo "ta" ni ya wakati ujao na tunaongelea sasa hivi? Ndo hapo Kiswahili na Kiingereza vinapofanana bila kuambizana. Hiyo "ta" inatokana na "taka", ukitaka kuiona nzima angalia "atakayefika", bado imejificha humo ndani. Na "will" ya Kiingereza nayo zamani ilikuwa kutaka, kisha ikawa wakati ujao, kisha ikawa kukisia, mpaka leo simu ikilia Mwingereza anasema "that will be John" kama mimi na wewe tunavyosema "huyo atakuwa Juma". Alafu hiyo "sha" ni "kwisha" iliyochoka njiani: amekwisha kufika, amekwishafika, ameshafika, na huku mtaani tukamalizia kabisa, keshafika, wengine kashafika. Zote watu tunaelewana, ila kwenye barua ya ofisi andika ameshafika.

Sasa kuna mtego mwingine na huu ndo mkubwa. Sentensi hiyohiyo ya bosi, maneno yaleyale, inaweza ikawa lawama. Akiwa anajua kabisa lori bado, halafu akasema "it should be there by now", anamaanisha muda umepita na halipo, mbona? Kwa Kiingereza unatofautisha kwa sauti na mazingira, kwenye imeili sauti hamna so unabaki unabahatisha. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Kama anakisia: "saa hizi litakuwa limeshafika". Kama analaumu: "lilitakiwa liwe limeshafika", au kwa lugha yetu ya kila siku "ilikuwa liwe limefika saa hizi", au hata fupi zaidi, "mpaka saa hizi halijafika?" Kwa hiyo kabla hujatafsiri muulize bosi, unajua halijafika au unadhani limefika? Swali moja tu hilo na dereva asingekununia.

Na angalia pia "sasa hivi" yako. Kwenye amri "sasa hivi" ni dakika hii hii (ukiacha ile "nakuja sasa hivi" ya fundi, hiyo inaweza ikafika wiki ijayo). "By now" yenyewe inakaa vizuri na "saa hizi" au "mpaka sasa". Wewe uliweka "linatakiwa" na "sasa hivi" kwenye meseji moja, yaani petroli na kiberiti.

Akisema "must have" hapo kakisia kwa uhakika zaidi, sio lazima ya kulazimishwa. "The driver must have left at six": mimi ningesema "itakuwa dereva aliondoka saa kumi na mbili". Naipenda sana hiyo "itakuwa" ya Dar, walimu wengi hawaifundishi ila haibadiliki, unaiweka mbele alafu kitenzi kinabaki na wakati wake: itakuwa kalala, itakuwa wamegombana, itakuwa aliondoka jana. Akisema "might have" anasitasita, weka "huenda" au "labda", imeisha. Na hiyo six usisahau kuigeuza, kuna watu wamekosa mzigo kwa saa ya kizungu kuandikwa kama ilivyo.

Mwisho kuna "by" na "until", hutoikwepa kwa bosi huyo. Sisi zote tunaziita "mpaka", ila kitenzi ndo kinaokoa. "I will be here until five" ni "nipo mpaka saa kumi na moja". "You must send it by five" ukiandika "lazima utume mpaka saa kumi na moja" mtu atadhani atume, atume, atume tu hadi muda huo. Sema "mpaka saa kumi na moja uwe umeshatuma", au "kufikia saa kumi na moja". Hiyo "uwe ume-" ndo inayofunga mlango.

Dereva wako mtumie hivi: "Kaka pole, bosi alidhani saa hizi utakuwa umeshafika Moro, anauliza tu umefika wapi." Na umtumie na vocha.