Ukienda kupiga picha Sikukuu ya Wafalme Tisa, anza jikoni

Kama una kamera na unapanga kwenda sikukuu ya Wafalme Tisa, iwe ni Penang au Ampang kule Malaysia, Singapore, au Phuket kule Thailand, usisubiri siku ya maandamano ya kidini. Nenda mapema, nenda kabla haijaanza kabisa, wakati hakuna mtu anapiga picha. Nakaa Penang, nilikuja kusoma nikabaki kwa kazi, na kila mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina ukikaribia mimi napanga likizo yangu hapo na nashinda hekaluni. Sio dini yangu ila naipenda hii sikukuu kwa dhati, na naogopa sana kwamba vitu vyake vingi vitapotea huku tuna mamilioni ya picha zake.

Kwa ambaye hajui, hii ni sikukuu ya dini ya Tao, dini ya asili ya Wachina, inafanyika siku tisa za kwanza za mwezi wa tisa. Wafalme Tisa ni miungu ya nyota, zile saba za kaskazini zilizokaa umbo la upawa, na mbili zingine wanasema hazionekani kwa macho, na mama yao anaitwa Dou Mu. Wanapokelewa kutoka majini, baharini au mtoni, alafu usiku wa tisa wanasindikizwa kurudi majini. Waumini wanavaa nyeupe, hawagusi nyama wala samaki, wengi hata kitunguu na kitunguu saumu hawali, na vibanda vya chakula vya mboga vinawekwa bendera za njano barabara nzima. Hekalu la Ampang lilianzishwa 1862, enzi za wachimba bati, la Hougang kule Singapore ni la 1921, yaani hivi vitu vimevuka vita na njaa na kila kitu.

Sasa ukitafuta picha zake mtandaoni unakuta nini? Mtu amechomwa chuma mashavuni. Mwingine amechomwa chuma mashavuni. Watu wanakanyaga makaa ya moto. Hao waliochomwa ni watu ambao waumini wanaamini mungu amewaingia, na Phuket imejulikana dunia nzima kwa hilo. Piga, sikatazi, ni sehemu ya sikukuu. Lakini jiulize swali moja ambalo mimi hujiuliza kila nikiinua kamera: kama wazee wote wa hekalu hili wangeondoka kesho, kijana akikaa na picha zangu anaweza kuirudia hii sikukuu? Picha ya chuma mdomoni haimfundishi chochote.

Kinachomfundisha ni nguzo ya taa tisa, jioni ya kuamkia siku ya kwanza. Wanasimamisha nguzo ndefu ya mianzi na taa zinapandishwa juu kwa kamba, na hapo kuna wazee wanajua kamba inafungwaje, nani anavuta, nani anasoma dua wakati gani. Kinachomfundisha ni jikoni. Yaani jikoni ndo moyo wa kila kitu, mama na bibi wanaamka usiku wa manane kupika chakula cha mamia ya watu bila nyama, na nani kaandika hizo hesabu? Hakuna, ziko mikononi mwao. Kwa hiyo nikifika naanza huko, nakata mboga nao, kamera nimeiweka begani, kwanza wanizoee. Huku kila mzee unamwita Anko na kila mama Anti, usimwite mtu mzima jina lake hivi hivi, na ukipewa kiti kaa, ukipewa chai kunywa. Baada ya hapo mlango wowote utafunguliwa. Alafu kuna mtu anayerekebisha kiti cha mungu kile kinachobebwa mabegani, kuna anayetengeneza mashua ya kusindikizia, kuna vikundi vya opera ya Kihokkien (lugha ya Wachina wengi wa huku) na vikaragosi ambavyo vijana hawajifunzi tena kwa wingi. Jukwaa la opera linageuzwa kulitazama hekalu kwa sababu watazamaji wa kwanza ni miungu, kwa hiyo usijibane mbele tu, omba ruhusa uingie nyuma ya jukwaa, uwapige wakijipaka rangi usoni, hatua kwa hatua hadi mwisho.

Kuna vitu havipigwi picha na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Wakati miungu inapokelewa ufukweni chetezo kitakatifu kinafunikwa, watu wanapiga magoti na kuinamisha vichwa, hakuna anayetazama. Chumba cha ndani ambamo chetezo kinawekwa nacho kimefungwa, wanaingia wachache tu. Usitafute lenzi ndefu ya kuiba. Hiyo siri ni sehemu ya sikukuu, ukiivunja umeharibu kitu ulichokuja kukihifadhi. Mimi hapo nashusha kamera na naacha kinasa sauti, nikiwa nimeiomba kamati mapema, maana kengele na ngoma na ule ukimya vinasimulia vya kutosha. Uliza kamati kila kitu kabla: wapi nisimame, lini nizime. Vaa nyeupe. Ukitaka kukaribia kiti cha mungu funga nyama kama wao, na kama una msiba wa karibuni waambie, kwa desturi zao aliyefiwa hakaribii.

Mambo ya kamera nitayapitia haraka. Mchana, umati wote ukiwa umevaa nyeupe kamera inadanganyika, picha inatoka kijivu, ongeza mwanga kidogo. Usiku ni kinyume, nyuma ni giza kwa hiyo nguo nyeupe zinatoka doa jeupe tupu kwenye picha, punguza mwanga. Usitumie flashi, inaua moshi na taa na inawasumbua. Lenzi moja ya milimita 35 yenye uwazi mkubwa inatosha karibu kazi yote, na usibadilishe lenzi nje maana majivu ya udi yako kila mahali. Weka pamba masikioni, fataki sio mchezo. Video usizungushe zungushe kamera, tulia sehemu moja nusu dakika au zaidi, kama ni fundo la kamba piga mpaka limalizike.

Alafu kazi kubwa kuliko kupiga, na ndiyo wengi wanaiacha: maelezo. Jioni ile ile, kabla ya kulala, andika nani yuko kwenye picha (aliyekubali kuandikwa), anafanya nini, kifaa kinaitwaje kwa Kihokkien kama wenyewe wanavyokiita, na tarehe zote mbili. Ukiandika tu Oktoba 11 utachanganya watu, maana 2024 siku ya tisa iliangukia Oktoba 11 na 2025 ikaangukia Oktoba 29. Andika "mwezi wa tisa, siku ya tisa" kisha tarehe ya kawaida. Tunza nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja iwe mji mwingine kabisa.

Na nakala ya nne ni ya hekalu. Wape picha zilizosafishwa kwa karatasi, wazee hawafungui link, na ukipeleka albamu utashangaa, watakuletea na wao boksi la picha za zamani, za babu zao. Omba kuziskani kwa ubora wa 600 dpi (nukta kwa inchi), piga na mgongo wa picha kama kuna maandishi, na kaa na mzee mmoja akutajie nyuso huku unamrekodi. Corona ilipokuja 2020 maandamano yakasimamishwa Malaysia, na hapo ndo nilielewa wanahitaji hizi kumbukumbu kuliko mimi ninavyozihitaji.

Kwa 2026 mwezi wa tisa wa Kichina unaanza Oktoba 10, kwa hiyo nguzo kwenye mahekalu mengi itasimamishwa jioni ya Oktoba 9. Ukitaka kuja, ongea na kamati ya hekalu mapema, Agosti ni muda mzuri, na waambie unaomba kuanzia jikoni.